Duara Jeusi Nililopalilia

Nikiwa Lubumbashi kwa binti yangu, kule mtaa wa Annexe, napikia uani kwa kuni. Binti yangu ana mbabula nzuri, jiko la bati la miguu mitatu, na gunia la makala, yale makaa ya miti, halikosi nyuma ya mlango. Majirani wakiniona nimeinama napuliza, machozi yananitoka kwa moshi, wananichokoza: "Mama, makala iko pale gunia muzima, weye unajipika macho!" Nawajibu wacheke mpaka meno yakauke, bukari yangu, huo ugali wetu, wataiomba tu. Wanadhani ni ushamba wa mtu aliyetoka kijijini. Sijawahi kuwaeleza, maana nikianza kueleza siwezi tena kusonga bukari. Acha nieleze hapa, ambapo hakuna anayeniangalia.

Mume wangu alikuwa mchoma makala. Mimi ni mtoto wa mjini. Babu yangu na baba yangu walikuwa watu wa reli, waliotoka kaskazini ya Katanga, Wakatoliki wa kusali asubuhi na jioni, na kwetu msitu ulikuwa kitu cha kuonekana dirishani treni inapopita. Watu wa mume wangu ni wenyeji. Walikuwa pale kabla ya migodi na kabla ya reli, na kijiji chao kiko njia ya Lukafu. Kazi ya mjini ilipomwishia tulihamia kwao, tukakaa nyumba moja na mama yake. Nililia sana siku za mwanzo. Mama mkwe aliniangalia, akasema, "Maliza kulia, kisha ukamate jembe. Iko pale." Ndivyo alivyo mpaka leo.

Wakati ule kila mtu alikuwa anachoma. Shamba halikutosha, na mji unataka kupika kila siku. Unakata miti, unapanga magogo kilima cha mviringo, unafunika kwa majani na udongo, unawasha moto ndani, unaacha kitoe moshi polepole siku nyingi. Hilo ndilo tanuru. Kazi kubwa ni kulichunga. Udongo ukipasuka, hewa inaingia, na jasho lako lote linageuka majivu. Kwa hiyo mchomaji anapanda juu kuziba ufa. Lakini magogo yakiiva yanasinyaa, na chini ya udongo panabaki shimo ambalo jicho haliwezi kuliona. Kila mchoma makala anajua jambo hilo, na kila mchoma makala anapanda.

Asubuhi moja nilimpelekea bukari na sombe, majani ya mihogo. Alikuwa juu ya tanuru na koleo lake, amenipa mgongo, anapigapiga udongo. Nikamwita. Hakugeuka. Akasema, "Weka pale, niko nakuya." Nikainama kuweka sahani chini. Nilisikia sauti ndogo tu, kama ya mtu anayejitupa kwenye godoro. Nilipoinua kichwa hapakuwa na mtu juu ya tanuru. Moshi ulikuwa unatoka mahali ambapo mwanzo haukuwapo.

Sitaeleza zaidi ya hapo. Mdogo wake, shemeji yangu, alikuja mbio, na wanaume wengine, na maji, na makoleo. Tanuru halizimiki kwa ndoo. Walipoweza kulifungua hatukupata kitu cha kuweka kwenye sanduku. Padri alikuja akabariki udongo wenyewe, akaniambia Mungu anajua alipo. Sawa, Mungu anajua. Mimi nilitaka kujua mimi!

Kwenye kilio watu walijaa uani kwa mama mkwe. Wanawake walipika bukari kwenye sufuria kubwa, na chini yake makala yalikuwa mekundu, yanalialia jinsi makala mazuri yanavyolia. Nilikuwa nimekaa mkekani nayaangalia. Nikauliza kwa sauti, wote wakasikia: "Haya makala yametoka wapi?" Mwanamke mmoja alifunika sufuria. Shemeji aliinuka akaenda nyuma ya nyumba. Nilijua kwamba upande mmoja wa tanuru ulikuwa umeiva vizuri, na kwamba wanaume walikuwa wamejaza magunia, kwa sababu wafiwa wanakula na hakuna anayetupa makala. Magunia mengine yalikwenda mjini kwa baiskeli. Ndiyo maana nikitembea Lubumbashi saa za kupika, harufu ile ikitoka kila ua, nasimama njiani. Najiuliza ni nyumba gani ilipikia, na walikula nini siku hiyo, na kama kilikuwa kitamu. Yo, Mungu wangu, najiuliza hata hilo.

Kilichobaki kijijini ni duara. Tanuru likiisha linaacha duara jeusi, udongo ulioiva, ambao majani yanachelewa kuurudia. Nikasema, haya, hili ndilo kaburi lake. Na kwetu kaburi linatunzwa. Siku ya Wafu tunakwenda malaro, makaburini, na majembe na mafagio, tunang'oa majani, tunaosha msalaba, na familia ambayo kaburi lao limeota majani inasemwa mwaka mzima. Kwa hiyo nilipalilia. Nilikuwa nakwenda na jembe langu mara kwa mara, nang'oa kila kilichoinua kichwa, nafagia mpaka duara linang'aa. Nilisimamisha msalaba wa mti, mchwa wakala. Nikasimamisha mwingine, wakala na huo. Basi nikaacha msalaba, nikaendelea na jembe.

Mama mkwe hakuvumilia. "Weye unamuanika mutoto wangu ku jua sawa mihogo!" alinipigia kelele, mbele ya watu, bila haya. Kwa watu wake malaro ni msitu. Wanazika, wanaondoka, na tangu siku hiyo hakuna anayeingia na shoka wala panga. Miti inakua inavyotaka, inafungana, na ukiona kando ya njia kichaka kinene cha miti ya zamani unajua hapo kuna watu wamelala, unapunguza sauti. Mtu aliyeachwa kwenye jua ni mtu asiye na ndugu; mwenye ndugu analala kwenye baridi, kivulini. Nilimjibu kwamba kwetu sisi huo ni uvivu, na mume wangu si mnyama wa porini. Mdomo wangu siku zile haukuwa na mlango. Tuliweza kushinda kutwa bila kusemeshana, tunapitishiana chumvi kwa mkono tu.

Na kwa kweli wakati huo kijiji kizima kilikuwa kimeanikwa. Miti ilikuwa imekwisha. Kutoka mlangoni kwetu uliona mapaa ya kijiji cha pili, jambo ambalo mama mkwe hakuwahi kuliona tangu azaliwe. Mwezi wa nane upepo ulikuwa unaingiza vumbi kwenye unga. Mvua ikinyesha haikai, inateremka nyekundu mpaka bondeni na kuondoka na udongo wa juu, na mihogo ilitoka myembamba, ya kutia aibu. Kisima kilikauka katikati ya kiangazi. Kuni tulichimba, mizizi ile ya visiki. Bowa, uyoga wetu wa mvua za kwanza, tuliukumbuka kwa maneno tu. Shemeji na wenzake walikuwa wanakwenda kuchoma mbali sana, wanarudi wamekonda, wanakohoa. Ardhi ilituangalia na sisi tukaiangalia.

Hapo ndipo alipokuja agronomu, mtaalamu wa kilimo, msichana kutoka Lubumbashi, na watu wa mradi. Walitukusanya nje ya kanisa. Akasema ardhi haijafa, visiki viko hai, chini mizizi imekaa salama. Hakuna haja ya kupanda. Kisiki kikitoa machipukizi mengi, chagua moja au mawili yenye nguvu, kata mengine. Nyasi zichomeni mapema, mwezi wa tano, zikiwa bado na ubichi, ili moto mkubwa wa mwezi wa tisa usikute cha kula. Fagieni njia za kuzuia moto. Na shoka likae nyumbani. Watu walicheka: kumbe kazi yenyewe ni kuacha! Aliyeinua mkono wa kwanza alikuwa mama mkwe. Nilijua kwa nini. Mradi haukuwa shida yake. Alitaka mwanawe afunikwe.

Sehemu yetu ilianzia nyuma ya nyumba mpaka bondeni, na duara lilikuwa katikati. Nilifanya ile kazi kwa moyo, asiniambie mtu. Machipukizi niliyachagua mimi, njia za moto nilizifagia mimi na mama mkwe, bega kwa bega, kimya. Kisha nikifika kwenye duara nang'oa. Agronomu alinikuta siku moja nimeshika miche mkononi, mizizi bado na udongo. "Mama, siye tunaacha miti iote, weye unang'oa?" Nikamwambia, "Apa ni kwangu." Alimtazama mama mkwe, na mama mkwe akatazama pembeni. Agronomu hakuniuliza tena.

Msitu ulirudi. Sikuamini, lakini ulirudi. Mwanzo ulikuwa vichaka vya magotini, kisha vya kifuani, kisha siku moja nikagundua kwamba mapaa ya kijiji cha pili hayaonekani tena. Majani yalianguka, yakaoza, mvua ikaanza kukaa. Kisima kikavuka kiangazi. Bowa likarudi, na tulikuwa tunakaa kando ya njia na mabeseni, malori ya kwenda mjini yanasimama. Viwavi walirudi kwenye miti yao, na masuku, yale matunda ambayo binti yangu hakuwahi kuyaona yakiwa mtini. Tuliweka mizinga ya nyuki. Kwa asali na bowa binti yangu alimaliza shule, na nyumba ya mama mkwe ikapata mabati. Nilikula vizuri, na kila kitu kizuri nilichokula kilikuwa na uchungu kidogo, kwa sababu aliyekata miti ile ya kwanza hakuiona ikirudi.

Tena msitu una sauti. Ardhi ilipokuwa tupu nilikuwa nasikia upepo tu. Miti iliporudi, nikikaa kwenye duara nasikia majani makavu yanakanyagwa, polepole, hatua ya mtu mwenye kazi mkononi. Ni ndege, najua. Ni kuku wa porini wanaochakura. Lakini niliweka jembe chini na kungoja. Alisema anakuja. Miaka yote hiyo sikuwa nimepata mtu wa kuniambia kwamba haji, na pale kwenye duara, jua linanipiga utosini, miti imenizunguka pande zote, nilimngoja kabisa.

Kisha ukaja mwaka mbaya. Mvua ilikata wakati mahindi yanatoa maua. Mashamba yalikauka njia nzima ya Lukafu, na shemeji akarudi kutoka kule mbali alikokuwa anachoma, na watoto wake, mikono mitupu. Mama mkwe aliwagawia tulichokuwa nacho. Nilimwona shemeji anakaa mlangoni, anaangalia msitu wetu. Sikulitilia maanani.

Asubuhi moja nikaenda na jembe langu. Kabla sijafika niliona mwanga mahali ambapo hapakuwa na mwanga. Miti ya kuzunguka duara ilikuwa imekatwa, ile ile niliyoichagua ikiwa machipukizi, sasa minene kama paja. Na juu ya duara, juu ya udongo niliofagia, magogo yalikuwa yamepangwa mviringo, vizuri, kwa ustadi, mkono uleule wa familia ile. Majani ya kufunikia yalikuwa pembeni tayari. Shemeji alikuwa amechuchumaa, anachimba udongo wa kuvika tanuru. Kilichobaki ni moto.

Sijui nilipiga kelele gani. Najua kwamba nilitupa jembe na kuanza kubomoa, gogo moja moja, kucha zinavunjika. Alinishika mikono. "Shemeji! Shemeji, sikia. Moja tu. Batoto banalala na njala. Moja tu, kisha naacha."

"Apa?" nikamwambia. "Msitu mzima huu, na ukachagua apa?"

Alinishangaa kweli. Uso wake haukuwa uso wa mtu mbaya. "Fasi ya zamani iko na udongo muzuri, laini, hauna mizizi," akasema. "Na kila nikija kwa mama naona unapalilia. Nikasema, shemeji anachunga fasi ya tanuru. Siku moja tutachoma tena."

Nilikaa chini palepale kwenye udongo mweusi. Kumbe hivyo ndivyo ilivyoonekana kwa mtu wa kazi yake. Sikuwa nimetunza kaburi. Nilikuwa nimetunza tanuru, safi, tayari, miaka yote, likingojea moto mwingine. Na shemeji angewasha kweli, na angepanda juu yake kuziba ufa, na watoto wake wangekuja na sahani.

Kwa kuwa nilikuwa tayari chini, na hakukuwa na kitu cha kupoteza tena, nilimuuliza. "Makala ya kilio. Ulitoa wapi?"

Alikaa juu ya gogo na kufunika uso. "Sijui, shemeji. Magunia yote inafanana. Nilibeba ya karibu." Alilia mtu mzima yule, mabega yanaruka. "Miye pia sikukula siku ile. Hukuniona, lakini sikukula." Nikamwamini. Nililia naye, na nilikuwa sijalia na mtu tangu kilio chenyewe.

Mama mkwe alikuwa amesikia kelele. Alifika na fimbo yake, anahema, macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu tayari. Aligusa magogo kwa mkono, moja, jingine, akazunguka mpaka akaelewa yamepangwaje. Hakumpiga mwanawe. Hakunisuta, na alikuwa na haki ya kunisuta mpaka jua lizame. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Kama kulikuwa na miti apa, nani angeleta shoka? Ku malaro yetu hakuna anayeingia na shoka." Nilifungua mdomo kumjibu, maana nina mazoea hayo. Badala yake niliokota jembe langu nikamwekea mkononi, akaondoka nalo kwenda nyumbani.

Magogo yale hatukuyachoma. Tuliyaacha palepale, mchwa wakayala na kuyafunika kwa udongo wao. Mwaka ule tulipita kwa masuku na mizizi na asali tuliyobadilisha na unga kwa watu wa malori, na bowa lilipotoka shemeji na watoto wake waliokota pamoja nasi. Sasa yeye ndiye msimamizi wa moto wa mwezi wa tano, na anapiga kelele kwa watu kuliko agronomu. Mimi sikurudi kwenye duara na jembe. Mwanzo mikono iliniwasha. Nilipita mbali, nikiangalia upande mwingine, kwa sababu nilijua nikiona mche nitaung'oa. Visiki vilivyokatwa vilichipua. Mizizi ya pembeni iliingia kwenye udongo mweusi na kutoa miti yake humo. Niliacha. Hakuna kazi ngumu niliyowahi kufanya kama hiyo ya kuacha.

Siku ya Wafu iliyopita nilikwenda na mama mkwe. Macho yake yamekwisha kabisa, nilimshika mkono, na mkono wa pili nilibeba bukari na bowa kwenye sahani iliyofunikwa. Tuliingia kutoka upande wa bondeni. Nilitafuta mwanga, ule uwazi ambao miaka yote ulinionyesha njia, na haukuwapo. Nilizunguka. Nilichakura majani kwa mguu nione udongo mweusi, na kila mahali udongo ulikuwa mweusi, wa majani yaliyooza. Miti yote ilikuwa miti. Mimi niliyelijua duara lile kuliko kiganja changu sikujua tena liko wapi. Nilitaka kupiga kelele, nilitaka jembe langu.

"Tumefika?" mama mkwe akauliza.

Niliangalia pande zote. "Ndiyo, mama. Tumefika."

Aliachia mkono wangu. Alisimama, kichwa ameinua, anasikiliza majani. Kisha akanyoosha kiganja mbele yake hewani, taratibu, kama mtu anayepima joto la paji la mtoto mgonjwa, na uso wake ukalegea jinsi ambavyo sijawahi kuuona.

"Apa iko baridi," akasema. "Mutoto wangu iko ku baridi."

Nilimsaidia kuketi. Kisha nikainama nikaweka sahani pale chini, katikati yetu, nikaifunua, tukala.